Chupa Niliyoipa Nusu ya Jina

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyempa Adamu majina ya vitu kabla hajampa kazi, akatujalia sisi wanawe ulimi mmoja wa kutaja na masikio mawili ya kusikia. Namshukuru kwa pumzi ya asubuhi hii, na kwa pua ambayo, baada ya maisha mazima ndani ya maabara, bado inanusa pilau ya jirani kabla sahani haijafika. Wenzangu wengi pua zao zilistaafu kabla yao.

Wanangu mnaosomea kazi ya maabara, mimi naitwa Hajji Rajabu. Nilizaliwa Jinja. Babu yangu alikuwa askari, na nyumbani kwetu Kiswahili kilikuwa lugha ya chakula, ya ugomvi na ya dua. Nilianza kazi katika maabara ya kiwanda kimoja cha mafuta na sabuni pale Jinja, kisha nikahamia Mbale, katika chuo kinachofundisha mafundi wa maabara. Huko nilikuwa mtunza ghala la kemikali mpaka nilipostaafu na kurudi Jinja, mtaa wa Kimaka, ninakokaa sasa.

Siku ya kwanza Mbale, wanafunzi walisikia Kiswahili changu wakaniita Afande. Sijawahi kushika bunduki. Lakini kwetu Uganda mtu akisema Kiswahili bila kujikwaa, watu hutazama kwanza miguu yake kama amevaa buti. Nikalizoea jina hilo, baadaye nikalipenda, nikaanza kujiona kuwa mimi ndiye mwenye ulimi ulionyooka katika chuo kizima. Shetani hahitaji mlango mkubwa kuliko huo.

Nataka kuwaeleza habari ya etha, kwa sababu etha ndiyo iliyoniaibisha, na ndiyo iliyokaribia kumpotezea kazi binti mmoja asiye na kosa.

Etha yenyewe ni kitu rahisi. Chukua oksijeni moja uiweke katikati. Upande huu funga kundi la kaboni, upande ule funga kundi lingine. Basi. Wanafunzi wangu niliwaambia hivi: oksijeni ni lile daraja la mto Nile. Ukitoka Mbale unapita Jinja, unavuka, unaingia Njeru. Hakuna daraja lenye upande mmoja. Kwa hiyo anayetaka kuitaja etha lazima ajue nani yuko ng'ambo hii na nani yuko ng'ambo ile.

Aliyenifundisha mimi ni Bwana Opolot, mkuu wa maabara ya kile kiwanda cha Jinja, mtu wa Teso, mrefu, mpole, Mkristo aliyefunga Kwaresima yake kwa bidii kuliko baadhi yetu tulivyofunga Ramadhani. Yeye alikuwa wa majina ya zamani. Katika majina ya zamani unataja pande zote mbili kwa kufuata alfabeti, kisha unamalizia na neno etha. Upande mmoja ukiwa methili na wa pili ethili, unaanza na ethili kwa kuwa E iko mbele ya M: ethili methili etha. Pande zote mbili zikiwa ethili, unasema diethili etha, yaani ethili mbili.

Ila watu wa zamani walikuwa wavivu kama sisi. Mara nyingi waliiacha ile "di", wakaandika kwenye lebo "ethili etha" tu. Mara ya kwanza kuiona lebo ya namna hiyo nilimuuliza Bwana Opolot upande wa pili uko wapi.

"Uko hapo hapo," akasema. "Wakitaja mmoja tu, jua ni pacha. Wa pili ana jina lile lile."

Likaniingia kichwani neno hilo, nikalibeba mpaka Mbale. Ni neno la kweli, na bado lilinipoteza.

Yako majina mapya pia. Katika majina mapya upande mfupi ndio unaobeba daraja, unaitwa kwa "oksi": methili inakuwa methoksi, ethili inakuwa ethoksi. Upande mrefu unabaki kuwa mwenye nyumba: propani, butani, na kuendelea. Kwa hiyo ile ethili methili etha inakuwa methoksiethani. Mdogo anatajwa kwanza akiwa na daraja kichwani, mkubwa anafuata. Majina haya niliyajua, lakini nilikuwa nayaita majina ya watoto wa shule. Chupa zangu zote niliziandika kizamani, kwa mwandiko ambao hata wakaguzi waliusifu.

Kabla sijaendelea, pokeeni mambo machache ya mkono, maana jina bila mkono halimlindi mtu. Etha ikifunguliwa, andika tarehe kwenye chupa siku ile ile. Iweke gizani, kwenye chupa ya kioo cha kahawia, kwa sababu ikikaa na hewa na mwanga miezi mingi huzaa kitu kinacholipuka. Kabla ya kuipasha moto, chukua kidogo, tikisa pamoja na maji ya iodidi ya potasiamu. Ikigeuka njano au kahawia, usiiweke kwenye moto. Na ukiona chembe nyeupe zimeganda kwenye kifuniko, usijifanye shujaa. Usifungue, usisogeze, toka nje uite mkubwa wako.

Halafu mvuke wake. Mvuke wa etha ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni kama paka. Nilijifunza hilo Jinja. Nilikuwa nimechemsha chai kwenye sigiri, nje kidogo ya mlango wa maabara, nikijiona mwerevu kwa kuwa moto haukuwa ndani. Bwana Opolot alikuwa anamimina etha huku ndani. Ghafla akanyanyua pua, akaiziba chupa, akachukua ndoo ya mchanga, akaenda akaimwaga yote juu ya sigiri, pamoja na sufuria, chai, sukari na tangawizi.

"Bwana, chai yangu!" nikalia.

"Chai yako utaikuta," akasema. "Nyusi zako je?"

Siku hiyo tulikunywa maji.

Sasa nije kwa Nambozo. Aliletwa ghalani kwangu miaka michache kabla sijastaafu, awe msaidizi. Msichana wa Busiu, mwembamba, mwenye mwendo wa haraka, na makini sana na kalamu. Alipewa miezi sita ya majaribio: akiiva, anaajiriwa, akiharibu, anarudi nyumbani. Baba yake, mkulima wa mahindi, alikuwa amekwisha kuwaambia watu wote wa kituo cha biashara cha Busiu kwamba binti yake anavaa koti jeupe Mbale.

Nambozo alikuwa kama wengi wa upande ule: l na r kwake ni ndugu, hubadilishana nguo. Akitaka kusema "rula" anasema "lura". Nami, Mungu anisamehe, nilifanya hilo kuwa mchezo wa saa nne ya chai.

"Nambozo, sema: rula ya lori la Lira."

"Lura ya roli ra Rira," anasema, na wanafunzi wanaanguka kwa kicheko.

Hakuwa mnyonge. "Afande," alinijibu siku moja, "Kiswahiri yako ni ya kambi. Yangu ni ya soko. Nani anauza?" Wakanicheka mimi. Lakini kesho yake nikamrudisha tena kwenye lori la Lira.

Nilisomeshwa Kurani Jinja, katika madrasa ya maalimu mkali, ambaye kwa herufi moja iliyoponyoka alikusimamisha mpaka adhuhuri. Alitufundisha kwamba moyo na mbwa katika Kiarabu vinatofautiana kwa herufi moja ya koo, na mtu anayeomba dua kwa uzembe huenda akamwambia Mola habari za mbwa wake. Kwa hiyo ulimi wangu ulinolewa tangu utotoni. Sikio langu halikunolewa na mtu.

Basi, kile kiwanda cha Jinja kilifunga maabara yake, wakakipa chuo chetu kemikali zilizobaki. Zilifika kwenye makasha, chupa nzima lakini lebo nyingi zimeliwa na mende na ukungu. Mkuu wa chuo akataka zote ziandikwe upya. Tukagawana kazi. Nambozo alipanda ngazi kwenye rafu, anasoma lebo ya zamani kwa sauti. Mimi nakaa mezani, naandika mpya. Naye akishabandika mpya anaikwangua ya zamani na kuiosha, kwa amri yangu, ili ghala lipendeze.

Wanangu, msiikwangue kamwe lebo ya zamani. Ibandike mpya kando yake. Ningejua hilo siku ile, msingekuwa mnasoma habari hii.

Wiki kadhaa baadaye, Mwalimu Wandera, aliyefundisha vitendo vya kemia, akaja kutafuta kimiminiko cha kuwapa wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Ulikuwa mtihani wa ndani: kila mmoja anapewa kiasi kidogo bila jina, anakipima kinachemka kwenye joto gani, kisha anakitambua. Akachagua chupa iliyoandikwa kwa mwandiko wangu mzuri "butili etha". Pacha, kama alivyonifundisha Bwana Opolot: butili huku, butili kule. Kitabu kinasema inachemka kwenye nyuzi mia moja arobaini na mbili. Kwetu Mbale tuko juu, hewa ni nyepesi, hata maji hayafiki mia, huchemka kwenye tisini na sita hivi. Kwa hiyo Wandera akatarajia kama mia moja thelathini na saba. Nambozo akaipima kama ina kile kitu kinacholipuka, ikawa safi, akagawa kwenye vijichupa.

Wanafunzi wakaleta majibu: themanini na nane. Themanini na saba. Themanini na tisa. Wote.

Wandera akawapa wote sufuri, halafu akatulia akafikiri. Darasa zima haliwezi kukosea kwa namba moja. Akaja ghalani uso umekunjamana.

"Hajji, huyu msaidizi wako amemimina kutoka chupa ipi?"

"Nimetoa hii hii, Mwarimu," Nambozo akasema, mkono juu ya chupa. "Hii yenye Mzee ameandika."

"Basi chupa imejibadilisha yenyewe!" Akanigeukia mimi. "Unamwaminije?"

Hapa nataka niandike polepole, kwa sababu ni hapa nilipokosea zaidi kuliko kwenye lebo. Ningeweza kusema, "Ngoja tuangalie." Badala yake nikacheka kidogo nikasema, "Mwalimu, mtu ambaye l na r zinampotea mdomoni, labda chupa nazo zinampotea mkononi."

Wandera akaandika taarifa kwa Mkuu wa chuo. Nambozo alivua koti lake jeupe, akalikunja mara nne, akaliweka juu ya kiti kana kwamba tayari si lake. Mkuu wa chuo akatuita Ijumaa alasiri: ataamua kama majaribio ya Nambozo yanaishia hapo.

Alhamisi asubuhi nikaamua kupima mwenyewe, na sitawadanganya, nilitaka kuthibitisha kosa lake. Nikachukua matone moja kwa moja kutoka chupa yenyewe. Nikatia kwenye kibomba kidogo cha kioo, nikatumbukiza ndani yake uzi wa kioo wenye tundu, uliozibwa juu, mdomo chini, nikakifunga kando ya kipimajoto, nikakizamisha kwenye mafuta juu ya jiko la umeme. Joto likipanda, vitone vya hewa hutoka kimoja kimoja, kisha hufuatana kama shanga. Hapo unazima jiko, unangoja. Vitone vikikoma na kimiminiko kikaanza kupanda ndani ya ule uzi, soma namba wakati huo huo, si kabla, si baada.

Nikasoma. Themanini na nane.

Nikarudia. Themanini na nane.

Kumbe wanafunzi walikuwa sawa, na Nambozo alimimina kutoka chupa sahihi. Chupa ndiyo iliyokuwa na jina lisilo lake, na jina lilikuwa la mkono wangu. Nikamwita.

"Binti, siku ile uko juu ya ngazi, hii uliisomaje?"

Alinitazama kama mtu anayeulizwa swali la kumnasa. "Nirisoma vire iriandikwa, Mzee."

"Nisomee tena."

"Butir. Ethir. Ether."

Nikakaa chini. Msomaji, majina haya hatukuyasema kwa Kiswahili kama ninavyoyaandika hapa; tuliyasema kwa Kiingereza cha shule: "ethil" ni kundi, "ether" ni etha yenyewe. Sasa mgeuzie "ethil" ile l iwe r, inakuwa "ethir". Sema haraka "ethir, ether", ukiwa mezani, kalamu mkononi, mvua inapiga mabati. Binti alikuwa amesoma butili ethili etha, pande mbili tofauti. Mimi nikasikia "butili, etha, etha", nikadhani anarudia neno la mwisho.

"Na mimi nilikwambiaje?" nikamuuliza, ingawa tayari nilikumbuka.

"Urisema: usinirudie-rudie, masikio yangu ni mazima."

Alilisema hilo kwa upole, bila kunisuta, nami nikatamani angenisuta.

Nikafungua kitabu. Butili ethili etha: nyuzi tisini na mbili. Kwa Mbale, themanini na nane. Daraja lile lile, lakini ng'ambo ya pili hakuwa pacha. Alikuwa mtu mwingine kabisa, nami nilimfuta kwenye lebo kwa sababu sikumsikia.

Ijumaa niliswali msikitini, nikakaa sana baada ya swala. Nilikuwa nimebakiza miaka michache nistaafu, faili langu halina doa. Ningeweza kusema mende walikula lebo. Mende hawana wa kuwatetea. Nilimwomba Mola anipe maneno machache, maana nilijijua: nikipewa maneno mengi nitajipamba.

Ofisini walikuwepo Mkuu wa chuo, Mwalimu Wandera na Nambozo, aliyesimama karibu na mlango bila koti.

"Mkuu," nikasema, "lebo ni yangu. Binti alisoma sawa, mimi niliandika nusu. Na juzi niliposema ovyo juu ya ulimi wake, nilisema uongo. Wanafunzi wote wamepata jibu sahihi."

Mkuu akavua miwani.

"Hajji, wewe? Miaka yote hii?"

"Miaka yote hii, Mkuu. Ndiyo maana sikumsikia."

Akaniambia niandike pale ubaoni jina sahihi, aone tofauti, kisha liingie kwenye kumbukumbu za chuo. Na akataka jina jipya, lile linalotumiwa kwenye mitihani. Nikasimama na chaki. Mwandiko wangu mzuri ukagoma. Nililijua, lakini sikuwa nimeliandika hata mara moja, na mkono haujui kile ambacho haujafanya.

Nikageuka. "Nambozo, soma, mimi niandike."

Akasogea mbele. "Ethoksi," akasema, silabi moja moja. "Ethiri ndiyo fupi, inabeba daraja. Butani."

Nikaandika: ethoksibutani. Nikaona raha, maana katika jina hilo hakuna l wala r ya kumpoteza mtu, na hata ukilisikia nusu unajua kuna wawili. Nikaiweka chaki.

"Mzee," akasema Nambozo, "moja iko wapi?"

"Moja gani?" Mkuu akauliza kabla yangu.

"Namba moja, Mkuu, mbele. Butani ina kaboni nne. Daraja inaweza kukaa kwa ya kwanza ao kwa ya piri. Hii iko kwa ya kwanza. Ingekuwa ya piri, ingechemka mapema zaidi ya themanini na nane." Kisha akaniambia mimi, taratibu, kama mtu anayemrekebishia baba yake kola ya kanzu: "Bira moja, Mzee, hiyo bado ni nusu."

Wandera ndiye aliyeanza kucheka, na hakumcheka yeye. Nikaichukua chaki tena, nikaandika moja na kistari mbele ya jina. Mkuu akalitazama ubaoni, akamtazama binti, akasema, "Majaribio yako yameisha leo. Jumatatu njoo na cheti chako, uandikwe kazini. Na hilo koti lako liko wapi?"

Mimi nilipewa barua ya onyo. Ninayo mpaka leo, pamoja na cheti changu cha ndoa.

Wanangu, nawaombea kwa Mwenyezi Mungu awape mikono isiyotetemeka na pua zitakazodumu. Awape wakubwa watakaowasikiliza mkisoma, na siku mtakapokuwa wakubwa nyinyi, awape subira ya kusema "rudia tena" bila kuona aibu. Kila anayesoma maneno haya, awe wa Mbale au wa mbali, Mola amjue kwa jina lake kamili. Amina.